Mlio Alioufunga Fundi

Fundi simu wetu si mtu wa kubabaika, ila mchana ule bisibisi ilimponyoka. Simu zote mezani kwake zilipiga king'ora kwa pamoja, hata zisizo na laini. Hilo halikumshangaza. Kwa tahadhari ya dharura, mnara wa simu haumpigii mtu mmoja mmoja. Unatangaza tu, na simu yoyote iliyo karibu, ikiwa imeruhusiwa kusikiliza, inalidaka tangazo. Kilichomtisha ni maneno kwenye kioo: bwawa limepasuka, walio bondeni wapande mlimani sasa hivi.

Mama yake anakaa bondeni.

Alimpigia huku akijipa moyo kwamba king'ora kile hata kiziwi angekisikia. Ndipo akakumbuka. Juzi tu, tangazo la majaribio lilimshtua mama akamwaga chai. "Hebu lizime hili dude, mwanangu, litaniua kwa presha," alilalamika, naye fundi akaingia kwenye mipangilio ya simu ya mama akalizima kwa kidole chake mwenyewe.

Mama akapokea, sauti yake imetulia.

"Mama, toka nje, kimbilia mlimani."

"Sikusikii vizuri, baba. Kuna mngurumo huko nje. Ngoja nikafunge mlango, nitakupigia."

Akakata.