Kapiteni wa Maji ya Magotini

Chekeni tu, nimeshazoea. Mke wangu ndiye aliyetaka tumtembeze mama yake kwenye Ziwa Nzilo, nami, dereva wa lori, nikajifanya kapiteni na kuazima mashua ya tanga ya bosi wangu. Mbali kidogo na ufuko ikakwama kwenye matope! Ningeshuka kusukuma, lakini kwetu mkwe havui suruali mbele ya mama mkwe, na ile niliyovaa ilikuwa nyeupe, ya kuazima pia.

Nikadanganya.

"Mama, nimeweka nanga tupumzike. Musishuke, maji ya huku ni murefu sana!"

Tukaungua jua hadi mchana. Mara mwanamke mmoja akapita kando yetu, kwa miguu, beseni la samaki kichwani. Maji hayakumfika hata magotini.

"Jambo, tata! Jambo, bamama! Munangoya nani humu?"

Mama mkwe, aliyekuwa amenipa mgongo kwa heshima asubuhi yote, akageuka akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Akakaza kikwembe chake kiunoni, akashuka.

"Baki palepale, kapiteni," akasema. "Mi nitasukuma."