Kanda za Mwaka wa Kwanza

Mrunal Deodhar aliingia dukani kwangu kwa mitambo mikuukuu, mtaa wa Budhwar Peth, Jumatatu asubuhi, kakumbatia boksi la kanda kama kaliokoa kwenye moto. Salamu hakuna.

"Bwana Kotecha, nasikia una mashine ya kusoma hizi."

"Ninayo, ila imeshapata mnunuzi. Wa studio, Mumbai. Anaifuata Alhamisi."

"Niazime mpaka Jumatano."

"Dada, mashine yenyewe ilikuwa ya kituo chenu cha darubini. Mliiuza mnadani na vyuma chakavu, nikaibeba kwa mgongo wangu. Leo niwaazime? Kaa kwanza, chai inakuja."

Hakukaa. Siku zote zile sikumwona akikaa. Alizunguka kati ya makabati akichezea funguo, chai ikapoa.

Wenzake huendesha darubini ya eksirei iliyoko angani, huiamuru igeukie nyota hii au ile. Yeye yuko upande wa wateja: mwanasayansi akishindwa kufungua faili, au hesabu zikimgomea, humwandikia Mrunal. Mwongozo wa watumiaji aliuandika yeye, jina lake liko kwenye jalada. Sasa kamera moja ya darubini ilionekana kufifia mwaka hadi mwaka, na Alhamisi kamati ingeamua kuizima. Yeye hakuamini. Data ghafi za mwaka wa kwanza zilibaki kwenye kanda zile tu.

"Unataka nini ili uniazime?" akauliza.

"Mstari mmoja kwenye mwongozo wako. Mwenye kanda za zamani aje kwa Kotecha."

"Ule si ukuta wa kubandika matangazo, kaka!"

"Na hapa si maktaba."

Akazunguka makabati mara mbili. "Mstari mmoja. Bila namba ya simu."

"Na namba ya simu."

Jumanne kanda ya kwanza ikasomeka. Akazipitisha data kwenye hatua zao za leo, halafu akasimama tuli, nikadhani anaumwa.

"Kamera ilikuwa mpya kabisa," akasema. "Lakini kwa hesabu za leo, hata hapo inaonekana imefifia. Wakati ule tuliandika namba kubwa zaidi."

Mimi nyota sizijui. Ila nilianza maisha kwa kupima ngano ya watu. "Kabla ya kuuza ngano tunatoa uzito wa gunia. Nyie mnatoa nini?"

"Mng'ao wa anga, ule usio wa nyota."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Mtumiaji mwenyewe anautoa, mwongozo unasema..." Akaendelea polepole: "Miaka minne sasa, mitambo yetu inautoa kabla ya kuwatumia data."

"Basi mnatoa gunia mara mbili."

Mng'ao ule huongezeka kila mwaka, kwa hiyo kila mwaka nyota zilizidi kupunjwa. Ukurasa huo wa mwongozo, aliyeuacha bila kuubadilisha ni yeye. Mwalimu mmoja wa chuo huko Solapur alikuwa amelalamika kwa barua tatu kwamba namba hazikai sawa. Mara zote tatu Mrunal alimjibu: fuata mwongozo.

"Sema mitambo ilikosea," nikamshauri. "Nani atajua?"

"Mitambo haiandiki mwongozo, Bwana Kotecha."

Alhamisi akaiambia kamati hivyo hivyo. Kamera haikuzimwa, ila wakamtaka asome kanda zote kumi na moja. Mtu wa studio akafika, akaikuta mashine yangu inanguruma na mwanamke kaiinamia. "Kotecha, neno lako ni povu la chai!" akaniambia mbele ya majirani, akaondoka. Hajanunua kwangu tena hata waya.

Mrunal akawaandikia watumiaji wote, mmoja mmoja, akianza na yule wa Solapur. Wengi walilazimika kurudia kazi ya miaka. Baadhi hawakujibu.

Mwongozo mpya ulitoka baada ya msimu wa mvua. Nilitazama jalada kwanza: jina lake halipo, meza yake ya kuwasaidia watumiaji kapewa mwingine. Mstari wangu upo, ukurasa wa arobaini na moja, na namba ya simu. Mpaka leo umeniletea wateja wawili, na mmoja alikuwa anauliza njia.