Diski Iliyomgomea Mjomba

Mimi na mjomba hatupendani, na sioni sababu ya kuzunguka. Nikimpa shikamoo, anaangalia saa. Anakaa Kihonda, nyumba ya vigae, na tangu bibi afariki, yaani mama yake mzazi, akili yake yote iko kwenye shamba la migomba la bibi kule juu milimani. Alishapata na tajiri wa kumuuzia. Kwetu Waluguru shamba kama lile linafuata upande wa kike, kwa hiyo lilitakiwa liende kwa mama yangu. Lakini mjomba ndiye msemaji wa ukoo, na alikuwa anatangaza kwamba bibi kamwachia yeye.

Muongo. Bibi alisema mbele yangu, nikamrekodi kwa simu, kwamba shamba ni la binti yake na lisiuzwe. Rekodi nikaihamishia kwenye laptopu ninayoingizia watu nyimbo pale kibandani kwangu Mwembesongo. Simu yenyewe ikaja kuibiwa sokoni, ikabaki hiyo moja tu duniani.

Siku ya matanga mjomba alimfokea mama mbele ya watu. Akamwambia, "Wewe kazi yako masufuria, mambo ya ardhi huyajui." Mama akainama akaendelea kuosha mchele. Mimi nikarudi mjini nikaweka paswedi kwenye diski yenyewe, ile inayokuuliza ukiwasha tu, kompyuta haijaamka vizuri. Shule niliishia la saba, na kwenye mahafali nilipewa zawadi ya ufagio, lakini hilo naliweza. Wanasema paswedi iwe kitu ambacho huwezi kusahau. Nikaandika: mjombanguruwe. Herufi ndogo, bila kuacha nafasi. Na ieleweke mjomba ni mtu wa msikitini, ana alama ya sijda kwenye paji la uso.

Habari za rekodi zikamfikia mjomba. Siku moja naenda kula, narudi, meza tupu. Mama ntilie wa jirani ananiambia, "Mjomba wako kaibeba. Kasema vitu vya marehemu vinakaa kwake."

"Kwani bibi alikuwa dijei?"

"Mimi sijui, mwanangu. Kanuna huyo, nikamwachia."

Mjomba akaipeleka kwa fundi. Fundi mwenyewe ananifahamu, akanisimulia huku anafuta machozi ya kucheka. Mjomba kajaribu jina la bibi, kajaribu jina la kijiji, kajaribu hadi jina lake mwenyewe, eti huenda nampenda. Kila akikosea mara tatu mashine inajizima. Fundi akaitoa diski, akaiweka kwenye kompyuta nyingine, ikagoma vilevile. Akamwambia, "Mzee, kufuli liko ndani ya diski. Mimi siwezi kuifungua, na hata kuifuta siwezi."

Mjomba akanipigia. "Nitajie paswedi, mshenzi wewe."

"Mjomba, siwezi kukutamkia. Nakuheshimu."

Kwa mara ya kwanza nilikuwa nasema kweli kabisa, na hakuniamini.

Ikafika arobaini, kijijini kwa bibi. Baada ya dua wazee wa ukoo wakakaa kumaliza neno la shamba, siku ile ile, maana tajiri alikuwa anasubiri jibu. Mama akasema kuna sauti ya marehemu. Wazee wakaagiza laptopu iletwe. Mjomba akaiweka mapajani, akaikumbatia kama mtoto mwenye homa.

"Aitaje, nitaandika mwenyewe," akasema. "Huyu haigusi. Ni mhuni, ataichezea."

Wazee wakaona sawa. "Haya kijana, taja."

Nikilitamka lile neno, mpwa kumwita mjomba wake nguruwe kwenye arobaini, wananifukuza pale pale, na mama anafukuzwa na mimi. Nisipolitamka, shamba limekwenda. Mama ananitazama, nami natazama vidole vyangu vya miguu.

"Mnaona?" mjomba akasema. "Hakuna sauti yoyote. Mwana kamfuata mama yake kwa uongo."

Hapo ndipo nikamwona mtani wetu. Wenye utani na ukoo wetu ndio wanaoshughulika kwenye misiba yetu, na wana ruhusa ya kusema lolote kwa yeyote. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa. Mtani huyu, mwanamke wa makamo, tangu asubuhi alikuwa amejifunga kanga ya bibi, anatembea kwa kuchechemea kama bibi, na alishaficha viatu vya mjomba. Nikamfuata, nikamnong'oneza. Akanitazama. Akaniuliza, "Kweli?" Nikaapa.

Akaenda kusimama mbele ya mjomba, mikono kiunoni. "Ewe mjomba nguruwe!"

Watu wakaangua kicheko. Mjomba akatabasamu kwa meno tu, maana hana la kufanya.

"Unacheka nini? Andika! Mjomba nguruwe. Yashikanishe, usiache nafasi. Ndiyo paswedi yenyewe hiyo."

Kicheko kikakatika. Mjomba akanitazama mimi, si mtani. Halafu mzee mmoja akasema, "Andika, tusikie." Akaandika. Kidole kimoja, herufi moja moja, mtani anamwimbia, "Haya, ngu... haya, ru..." Watu walishashindwa kujizuia tena.

Ikafunguka. Nikawaelekeza pa kubonyeza. Sauti ya bibi ikatoka, na kikohozi chake, ikasema shamba ni la binti yake na lisiuzwe. Hakuna aliyecheka tena. Mama akajifunika uso kwa mtandio.

Wazee hawakukaa sana. Tajiri akaambiwa atafute kwingine.

Jioni mjomba alinikuta nakunja jamvi. Bado hana viatu.

"Mtani kasema tu," akaniambia. "Mwenye kuandika lile tusi namjua."

"Na sisi tunamjua, mjomba," nikamjibu. "Umeandika mbele ya ukoo mzima."

Laptopu alinirudishia. Chaja mpaka leo anayo yeye.