Tingatinga la Mama Mkwe

Kazi yangu ni kutafuta ugonjwa wa mitambo mizee. Nina kifaa cha kuchomeka kwenye waya za injini, nacho kinanionyesha namba ya hitilafu. Wateja wangu wa Kitale huipokea namba hiyo kama hukumu ya mahakama. Mkulima mmoja wa kule Kwanza aliwahi kuniomba nimfutie namba tu, injini niiache ilivyo, kwa sababu kilichomkera ni ile taa ya onyo. Nikamfutia. Taa ikazimika, na baada ya muda mfupi injini nayo ikaifuata. Ukweli ni kwamba namba ni kama mtoto mdogo anayelia tumbo. Anakwambia panapouma, hakwambii alikula nini. Hilo unamwuliza aliyekuwa naye.

Kwa tingatinga la mama mkwe, hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Mama mkwe alistaafu kazi ya serikali Bungoma, na badala ya kununua ng'ombe wa maziwa kama wastaafu wenye adabu, akanunua tingatinga lililotumika, lenye ndoo mbele na mkono wa kuchimba nyuma. Broka alimwapia kwamba huko Ulaya lilikuwa la mzee mmoja aliyelitoa Jumapili tu, labda kwenda nalo kanisani. Mama mkwe akajifunza kuliendesha mwenyewe, akaanza kuchimba mabwawa ya maji, na akaipenda kazi hiyo kuliko yoyote aliyowahi kulipwa mshahara. Hayo niliambiwa na mke wangu, maana mimi nisingeweza kuambiwa na mwenyewe. Kwa desturi yetu, mkwe hamsogelei mama mkwe. Hampi mkono, hamtazami usoni, hamsemeshi. Yeye akitokea upande huu wa boma, mimi ghafla nina shughuli upande ule.

Basi tingatinga likaanza kuzimika kazini. Alikuwa amepata bwawa kubwa Tongaren, na mwenye kazi alishasema likizimika tena ataleta lingine. Baba mkwe, mwalimu mkuu mstaafu, hakuwahi kufurahia kumwona mkewe juu ya mtambo huku watoto wa shule wakimshangilia. Yeye aliona Mungu amejibu maombi. Alikuwa ameshampata mnunuzi wa vyuma chakavu. Akanipigia simu niende nikaamue kama linapona, au liuzwe.

Nikaenda. Tingatinga likawaka mara moja, likanguruma kwa raha. Nilichimba shimo nyuma ya choo, nikalifukia, nikalichimba tena. Kifaa changu kilikuta namba moja tu kwenye kumbukumbu, kwamba presha ya dizeli ilikuwa imeshuka. Kwa nini ilishuka, hakuna maelezo. Nikabadilisha filta, nikakaza mipira yote ya kupitisha dizeli, nikarudi Kitale na kuku wa zawadi. Siku chache baadaye likazimika Tongaren. Nikarudi, likawaka. Kila nikifika lilikuwa na afya kuliko mimi.

Nikaanza kuuliza maswali. Mke wangu angeweza kuniulizia kwa simu, lakini baba mkwe alishatangaza kwamba mambo ya mashine hayapitii kwa wanawake, hata kama mwenye mashine ni mwanamke. Yatapitia kwake.

"Baba, niulizie mama. Linazimika likipanda mlima ama hata kwa tambarare?"

Akazunguka nyuma ya jikoni, akarudi. "Amesema linazimika tu."

"Na huwa anafanya nini ndio liwake tena?"

Akaenda tena. Nilisikia sauti ya mama mkwe kule nyuma ikieleza jambo refu, lenye vituo na mkazo. Mzee akarudi na uso wa mtu aliyemaliza kazi.

"Amesema anaomba Mungu."

Hata redio yenye betri mbovu hupitisha zaidi ya hapo.

Safari ya tatu nilimkuta mnunuzi wa vyuma uwanjani na lori lake, anakunywa chai na kulipima tingatinga kwa macho. Baba mkwe akanishika bega. "Mkwe, sema tu ukweli. Pampu imekufa, si ndio?"

Sikuwa na jibu lingine. Presha ikishuka na filta ni mpya, anayefuata kushukiwa ni pampu, na bei ya pampu mpya ingemaliza ubishi wote. Nikafungua mdomo niseme ndiyo.

Mama mkwe akatokea jikoni. Mimi kwa adabu nikageukia mahindi, yule mnunuzi akanishangaa. Mama mkwe akapita moja kwa moja hadi kwa tingatinga, akasimama upande wa pili, akaanza kuligombeza.

"Wewe tingatinga. Si mimi ndiye nakutunza? Sasa mbona humwambii mkwe wangu ukweli? Ukijaa dizeli unafanya kazi mzuri, ukifika nusu tangi unazimika. Nikikuongeza unawaka. Kila siku ni hivyo. Na huyu mzee akisikia ati mkwe anakuja, anakujaza mpaka kwa mdomo. Sasa huyo mtoto wa watu ataona ugonjwa saa ngapi?"

Desturi haikuvunjwa. Hakuwa akinisemesha mimi.

Nikamtazama baba mkwe. Alikuwa anachunguza viatu vyake.

"Sasa mkwe akuje apate tangi iko nusu?" akasema. "Watu watasema nini?"

Kwake, kunipokea kwa nusu tangi ilikuwa sawa na kuniandalia ugali bila mboga. Nilitaka kucheka, kisha nikashikwa na hasira. Furaha ya mama wa watu ilikuwa karibu kupandishwa lori, na sisi wanaume wawili tulikuwa tumesimama pale tukiheshimiana.

Tukapunguza dizeli hadi nusu. Nikachimba kidogo tu, tingatinga likakohoa, likafa, na namba yangu ikatokea. Nikafungua tangi, nikachomoa bomba linalonyonya dizeli. Lilikuwa na ufa katikati. Dizeli ikiwa juu ya ufa, injini inapata dizeli; ikishuka chini yake, inavuta hewa. Pampu ilikuwa nzima kabisa. Fundi wa kuchomelea pale sokoni aliliziba bomba kabla mnunuzi hajamaliza chai yake ya pili.

Mnunuzi akauliza kwa upole kama bado kuna biashara. Nilikuwa nafunga kifuniko cha tangi mama mkwe aliposema, kutoka upande wake wa tingatinga, "Muulize mkwe wako kama amemaliza. Niko na kazi Tongaren."

Nilimsikia vizuri. Hata mnunuzi alimsikia. Baba mkwe alilizunguka tingatinga taratibu, akasimama mbele yangu, akasafisha koo.

"Anauliza kama umemaliza. Ako na kazi Tongaren."

Katika miaka yote ya ndoa yangu, huo ulikuwa ujumbe wa kwanza wa mama mkwe kunifikia ukiwa mzima.

"Mwambie nimemaliza, Baba."

Akaenda kumwambia.