Ukipanga mtaa usiobaki na mtu mchana, usimpeleke mzazi: yaliyonikuta Kyerwa

Wakuu, poleni na mihangaiko. Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara tatu, leo nautuma hivyo hivyo ulivyo.

Wale wazee wa kusema "chai" nawaomba mnipishe kwenye hili. Namzungumzia mama yangu mzazi, sina sababu ya kumtungia uongo.

Mimi kwetu Muleba. Kazi ilinipeleka Murongo wilayani Kyerwa, mpakani na Uganda, kwenye kiofisi cha wakala wa kutoa mizigo. Lori linafika, unakimbia na makaratasi yake dirisha hili na dirisha lile mpaka geti lifunguliwe.

Murongo vyumba ni vya kugombania, na kelele haziishi. Kwa hiyo wengi tunapanga vijiji vya huku juu. Asubuhi tunashuka na boda, jioni tunapanda na boda. Vumbi jekundu mpaka kwenye meno.

Nilipopanga mimi wenyeji wanapaita Lala Uende. Jina halisi naliacha.

Zamani palikuwa shamba la migomba la mzee mmoja. Alipofariki, watoto wakang'oa migomba, wakajenga vyumba vya kupangisha mstari kwa mstari, wao wenyewe wakahamia Bukoba. Kwenye mstari wetu tulikuwa wapangaji sita, kila mmoja kazi yake iko mbali.

Saa kumi na mbili asubuhi unasikia makufuli tu. Kwaa, kwaa, kwaa. Ikifika saa moja na nusu hakuna mtu. Hata kuku hakuna, nani abaki kumfukuzia mwewe?

Na nikiri, mimi nilipapenda. Hakuna wa kukuomba chumvi, hakuna wa kukuuliza umerudi na nani. Nilikuwa najisifia kabisa kwa wenzangu ofisini, eti nimepata mtaa wa watu wanaojielewa. Ujinga mtupu.

Sasa baba akafariki. Mama akabaki peke yake kwenye ile nyumba ya Muleba.

Dada yangu Adela ameolewa kijiji hicho hicho, akasema mama abaki palepale, yeye atamwangalia. Mimi nikakataa. Mtoto wa kiume nipo, nina kazi, nina vyumba viwili, mama akae peke yake kama hana mtu? Nikaenda kumchukua.

Alikuja na begi moja, na mfuko wa kahawa.

Kwa wasio wa Kagera niwaeleze kidogo. Hiyo siyo kahawa ya kunywa. Ni buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa. Tunatafuna. Kwetu mgeni akiingia, kabla hujamuuliza habari za alikotoka, unamsogezea kikapu, anachukua punje zake mbili tatu. Mwanamke wa umri wa mama yangu kukosa kahawa ya mgeni ni aibu, bora akose sukari.

Asubuhi ya kwanza tu, mama katoka nje, akatazama kulia, akatazama kushoto. Milango yote kufuli. Akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Baba, watu wa hapa wamekwenda kuzika?"

Nikacheka. Nikamwambia wako kazini mama, yule binti ni nesi, yule wa mwisho anauza mitumba, ndiyo mambo ya siku hizi. Hakucheka.

Akaweka kikapu chake juu ya kigoda karibu na mlango, akaketi.

Wiki ya kwanza narudi jioni, kikapu kimejaa kama nilivyokiacha. Wiki ya pili, vilevile. Nikaanza kuona mama anaongea polepole, kama mtu aliyeanza kusahau maneno. Roho ikaniuma. Nikamwambia, "Mama, ukiona upweke unakuzidi niambie ukweli. Hii kazi naiacha, tunarudi Muleba."

Wakuu, hiyo kauli niliitoa kwa nia njema kabisa. Kumbe nilikuwa namfunga mdomo.

Akanijibu, "Uache kazi? Ukale nini? Wee, usiniletee laana."

Jioni ya kesho yake nakuta kahawa zimepungua.

"Mama, leo umepata wageni?"

"Yule binti nesi amepita. Ana adabu yule, kapiga magoti kabisa kunisalimia."

Basi mwanaume nikafurahi huyo! Siku nyingine akasema kaja yule mama wa mitumba, jirani wa mlango wa mwisho, wameongea mpaka jua likageuka. Kikapu kinapungua, mama anakijaza tena kutoka kwenye mfuko. Ikawa nikifika, kabla sijavua viatu, natupia jicho kwenye kikapu. Nikiona zimepungua, moyo unatulia.

Adela akawa ananipigia. "Kaka, mrudishe mama. Nikiongea naye kwenye simu sauti yake siyo."

Namjibu, "Mama ana wageni kila siku, kahawa inakwisha. Wewe wivu tu."

Neno hilo nimelisema kwa mdomo wangu.

Haya. Alhamisi moja ofisini kulikuwa na foleni ya malori. Saa sita nikampigia mama kwenye kitochi chake. Kikaita mpaka kikakata. Nikajua yuko na wageni, nikaona nisimsumbue.

Sikupiga tena.

Nimefika jioni, jua linazama. Mlango uko wazi. Kikapu kiko kwenye kigoda. Mama yuko chini, kati ya kitanda na mlango, upande mmoja umelegea, mdomo umepinda. Uji niliomwachia asubuhi haujaguswa, umeganda juu. Maana yake alianguka mapema, pengine boda yangu ilikuwa haijafika hata barabara kubwa.

Kutwa nzima yuko sakafuni.

Nikamwinua, nalia kama mtoto. Akajitahidi kuongea, maneno yanatoka nusu nusu:

"Niliita, baba. Niliita mpaka nikaona aibu."

Naomba nipumue kidogo hapo.

(...)

Tukampeleka hospitali. Kiharusi. Daktari aliniuliza kimetokea saa ngapi. Akaniuliza nani alikuwa naye.

Siku ya tatu yule nesi jirani yetu akaja wodini kutuona. Nikasimama, nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia dada yangu Mungu akubariki, umemfariji sana mama yangu pale nyumbani.

Akanitazama, hanielewi.

"Mimi kaka? Mimi mama sijawahi kumtia machoni. Natoka alfajiri, narudi giza. Niliona tu kanga kwenye kamba, nikajua una mgeni."

Nilivyorudi kuchukua nguo za mama nikamsubiri yule wa mitumba, naye jibu ni hilo hilo. Kila siku yuko mnadani, leo huku, kesho kule. Alikuwa hajui hata kama pale kuna mama mzee.

Nikaingia ndani kukunja nguo. Nikanyanyua mto. Chini yake kuna kanga imefungwa fundo, nzito. Nikafungua.

Kahawa. Zote. Zile za nesi, zile za mama wa mitumba, za kila siku ambayo mimi nilirudi nikafurahi. Alikuwa anazitoa kwenye kikapu mwenyewe na kuzificha, ili mwanae akirudi asiache kazi.

Nikalifunga tena lile fundo, nikalitia kwenye begi lake.

Sikumuuliza. Ningemuuliza nini? Na mwenyewe kuongea kulishamshinda. Alikaa hospitali wiki mbili, akatutoka.

Tukampeleka Muleba. Wakuu, watu! Habari ilifika kabla ya gari. Wanawake wamekuja na ndizi na kuni, wanaume wako kaburini na majembe, wengine siwajui hata kwa sura lakini wanamlilia kwa jina. Viti havikutosha, tukatandika nyasi, nyasi nazo hazikutosha.

Nilitoa lile fundo la kanga, nikamwaga kahawa kwenye kikapu chake, nikapita nacho mwenyewe, mtu mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja akachukua punje zake mbili tatu, akatafuna.

Kabla sijamaliza safu ya pili, kikapu kilikuwa kitupu.

Adela hakunigombeza. Ningeshukuru angenigombeza. Jioni, watu wamepungua, akaniambia tu, "Hata hapa angekufa, kaka. Kifo hakizuiliki. Ila hapa asingeita akakosa wa kuitika."

Hiyo ndiyo inaniamsha hadi leo.

Lala Uende nimehama. Siyo kwamba wale majirani ni watu wabaya, hapana. Yule nesi alifika mpaka Muleba kuzika. Wanatafuta riziki kama mimi, na mimi nilikuwa mmoja wa yale makufuli ya asubuhi. Mlango wa pili pale kuna mtu angeanguka, mimi ningemsikia? Nilikuwa Murongo.

Ninachowaomba, mnaotafuta vyumba hii mitaa ya kwenda na kurudi: usikague chumba Jumapili, wala jioni watu wakiwa wamerudi. Nenda siku ya kazi, saa nne asubuhi. Usiangalie maji wala umeme kwanza. Simama katikati ya uwanja, piga hodi kwa nguvu zako zote.

Asipoitika mtu, kaa wewe kama unataka. Mama yako mwache kwa majirani zake.

Na wewe unayeishi na mzazi kwenye vyumba vya namna hii, mchana unamwacha na nani? Usinijibu mimi haraka. Mpigie kwanza, asipopokea rudia. Akishapokea, njoo uandike hapa.