Daftari la Ikombe Lapandishwa Bomani

Nilikwenda bomani kwa sababu shule yetu ya Ikombe ilikuwa karibu kufungwa. Barua ilitufikia ikisema kila mwalimu wa kijijini apeleke daftari la masomo aliyoyapanga mwenyewe, lilinganishwe na orodha mpya ya serikali. Lisipolingana, shule ifungwe na watoto waende Mwaya. Kwetu hakuna njia ya Mwaya ila mtumbwi, na mtoto hawezi kwenda na kurudi kila siku.

Daftari lile sikulipanga peke yangu. Mke wangu Subilaga, aliyefariki masika yaliyopita, alikuwa mfinyanzi kama wanawake wengi wa Kikisi. Hakujua kusoma. Alisema masomo yafuate kazi ya chungu, maana watoto wanaijua, nami nikaandika. Somo la mwisho lilikuwa lake kabisa, akilifundisha mwenyewe. Mtoto ambaye chungu chake kilipasuka motoni alikileta mbele ya wenzake, akaeleza anavyodhani alikosea wapi.

Alfajiri ya siku ya kwanza nilipanda mtumbwi wa shemeji yangu Anyisile, dada wa marehemu, aliyekuwa akipeleka vyungu Mwaya. Ziwa lilikuwa limetulia. Mbali kidogo wingu la kungu, wale wadudu wa ziwani, lilisimama juu ya maji kama moshi.

“Shemeji, umekaa kama mzigo,” Anyisile aliniambia. “Vyungu vyangu angalau vinauzwa. Shika kafi.”

Nikashika. Tulipokwisha kuipita Matema akauliza, “Hao watu wa boma watakata masomo?”

“Wanaweza.”

“Wakate mengine. La mdogo wangu usikubali.”

“Nitajaribu.”

“Sikukuambia ujaribu.”

Nikapiga kafi mpaka Mwaya. Pale nilimsaidia kushusha vyungu, nikashika njia ya miguu.

Jioni niliingia Ikolo, kwa mwalimu mwenzangu Ambakisye. Nyumba yake ni ya mianzi, imezungukwa na migomba, na uwanja umefagiwa mpaka unaona haya kukanyaga. Mkewe alitupa mbalaga, ndizi za kupikwa, pamoja na maziwa ya mgando. Nikasema, “Ndaga fijo,” yaani asante sana kwa lugha yao, naye akacheka kwamba hata shukrani naitamka kwa lafudhi ya Kikisi.

Siku ya pili mvua ilinyesha kutwa, nikabaki. Daftari la Ambakisye lilikuwa limeshapigwa muhuri. Alilifungua mbele yangu pamoja na nakala yake ya orodha ya serikali, akasoma la kwangu.

“Kumbe Wakisi mnafundisha hesabu kwa udongo! Basi na mimi nifundishe kwa mkungu wa ndizi.”

“Ukifundisha hivyo, wanafunzi wako watakula somo.”

Alicheka sana, kisha akasema taratibu, “Ndugu yangu, nakili la kwangu. Nani atapanda mtumbwi kuja kukuchungulia?”

Sitaficha, nilichovya kalamu. Lakini kila mstari wake ulisema jambo ambalo sijapata kulifundisha. Nikaliacha. Badala yake tulikaa mchana kutwa tukiandika pembeni mwa daftari langu namba za orodha ya serikali. Kuhesabu vikapu vya udongo tukakuweka kwenye kujumlisha. Kugawa vyungu pande mbili za mtumbwi, usilale upande, tukakuweka kwenye kugawanya. Chungu kinachouzwa kwa mahindi yanayokijaza tukakiweka kwenye vipimo. Kilo na mizani hazikuwamo daftarini mwangu, nikaziongeza. Somo la Subilaga halikupata namba.

Siku ya tatu nilipanda milima kwa njia ya utelezi, baridi ikizidi kila kilima. Nililala kwa Wakristo wa njiani, na asubuhi ya siku ya nne nikafika bomani.

Msimamizi wa shule alikuwa mtu wa pwani, mpole, mwenye shali shingoni kwa sababu ya baridi. Alisoma polepole, kidole kikifuata namba zetu.

“Limelingana,” alisema. “Hili la mwisho nalo naweza kuliweka kwenye masimulizi ya Kiswahili. Unalifundisha kwa Kiswahili?”

“Hapana, Bwana. Ni kwa Kikisi. Aliyelifundisha hakujua Kiswahili.”

“Ni nani huyo?”

“Mke wangu. Amefariki.”

Aliondoa kidole daftarini. “Pole, Mwalimu. Na sasa utalifundisha wewe kwa Kiswahili?”

“Watoto wana Kiswahili cha kusalimia na kuhesabu. Cha kueleza kosa bado hawana. Sijui watakipata lini.”

“Ungenijibu ndiyo tu, ningeandika.”

“Najua, Bwana.”

Alinisogezea kalamu. “Basi kata mwenyewe. Daftari ni lako.”

Nikakata. Akapiga muhuri.

Kurudi kulikuwa kwa mteremko, lakini nilikuona kurefu. Mwaya nilipata mtumbwi mwingine, nikashuka Ikombe siku ya saba. Anyisile alikuwa ufukweni akikanda udongo.

“Shule?”

“Imebaki.”

“Na lile?”

“Nimelikata kwa mkono wangu.” Nikamweleza swali nililoulizwa na jibu nililotoa.

Alikata donge jingine la udongo. “Subilaga naye angejibu hivyo hivyo, mjinga mwenzio,” alisema. “Watoto waje kwangu siku za kuchoma vyungu. Mimi boma halinijui.”

Nilijifunza katika safari ile kwamba masomo mengi yanaweza kubadilishwa jina na kupangwa upya yasipungukiwe kitu. Nilijifunza pia kwamba kusema kweli hakukunifanya nijisikie vizuri, na mpaka leo sijui kama nilitenda haki.

Siku ya kwanza ya kuchoma nilikwenda nikasimama nyuma ya watoto. Watatu walieleza vyungu vyao vilivyopasuka. Kisha Anyisile akanitazama. “Na wewe, shemeji?”

Niliwaeleza kwa Kikisi jinsi somo lao lilivyotoka daftarini, na kwamba aliyelitoa ni mimi. Nililitaja jina la mke wangu mbele ya watu, mara ya kwanza tangu tumzike. Walisikiliza mpaka mwisho. Ndipo binti wa Anyisile akakunja miguu yake, akanipa nafasi ya kukaa.