Bi Bahiya na Uboho wa Mkwewe

Wifi yangu Bi Bahiya hajapata kununua kitambaa bila ya kukichoma. Si utani. Akiingia dukani Darajani alikuwa akitoa kiberiti mkobani, anachomoa uzi mmoja kwenye ncha ya jora, anauwasha mbele ya mwenye duka, ananusa. Ukinuka nywele, hariri. Ukinuka plastiki, hapo ndipo utakapomsikia: "Hii nailoni, babu, kamuuzie mamako!" Wenye maduka walikuwa wakimwona kwa mbali wanajifanya wanasali. Lakini alikuwa fundi wa nguo za maharusi, Mkunazini ghorofani, na hakuna bibi harusi wa mjini aliyetaka kushonewa na mwengine, basi wakamvumilia.

Na mimi nikamvumilia, maana sikuwa na pa kumkimbilia. Kaka yangu Zahran alimuoa yeye, na kaka yake akanioa mimi, harusi mbili mwezi mmoja. Kwa hivyo yeye wifi yangu na mimi wifi yake, huku na huku. Watoto wake wananiita mimi shangazi, wangu wanamwita yeye shangazi.

Shaka zote zile hakuzaliwa nazo. Mwaka wa sabini na sita Zahran alikwenda Dubai kutafuta maisha, watoto wao bado wadogo, akaaga kwamba Idi itamkuta Unguja. Mimi kwa kinywa changu nikamwambia Bahiya, "Atarudi, wifi, kaka yangu namjua." Hakurudi. Alioa huko huko, akafa huko huko. Toka hapo kila alichoambiwa Bahiya alikigeuza upande wa pili kwanza atazame mshono. Na aliyemshuku kuliko wote ni mimi. "Nyinyi watoto wa nyumba ile," alikuwa akinambia, "uongo mnanyonya na maziwa." Nikimpelekea chai, ananingoja ninywe mimi kwanza. Khaa! Chai ya maziwa na iliki, nimtilie nini mie?

Mwanawe wa kiume, Hisham, alihamia Maskati akapata kazi bandarini. Bahiya akabaki na Basma, mtoto wake wa kike, mwalimu wa skuli, na huyo ndiye aliyekuwa roho yake. Mwaka wa tisini na nane mwanangu Khelef, fundi wa mafriji pale Mwanakwerekwe, akamposa Basma. Bahiya alimhoji kijana wa watu kama polisi, na kamwona akikua machoni pake! Mwisho akakubali, maana Basma alitishia kugoma kula.

Walikaa vizuri. Halafu mwaka 2001 Basma akaanza kuchoka. Ufizi unatoka damu, homa haimwachi, na mwili ukaingia madoa ya buluu mapajani na mikononi. Bahiya alipoyaona yale madoa, hakuuliza. Alishuka ngazi na kiatu mkononi akaenda mpaka Mwanakwerekwe, akampiga Khelef nacho mbele ya wateja wake. "Unampiga mwanangu! Damu ya Zahran wewe!" Khelef hakujibu, alisimama tu akipigwa. Damu ya Basma ilipopimwa ikajulikana kwamba ni saratani ya damu, na Bahiya hakumwomba radhi mkwewe, alisema hao waliopima nao watazamwe vizuri.

Hisham akawaita Maskati, mke na mume, na Basma akalazwa hospitali moja kubwa ya huko. Walimtia dawa kali, nywele zikamtoka, lakini ugonjwa ukarudi nyuma. Madaktari wakasema umerudi nyuma tu, haukuondoka. Dawa ya kweli ni kumtia uboho wa mtu mwengine, ule ute ulio ndani ya mifupa, ndimo damu inamozaliwa. Uboho huo lazima ufanane na wake. Wakampima Hisham, hakufanana. Wakampima Khelef, kwa kubahatisha tu, akafanana kama wametoka tumbo moja.

Mimi niliposikia nilipiga vigelegele peke yangu jikoni kwangu Mpendae. Bahiya aliposikia alisema, "Ahaa."

Ile "ahaa" ndiyo iliyomrudisha Basma Unguja. Daktari hakupenda, alimpa ruhusa ya siku chache tu, akasema ugonjwa hausubiri mtu. Lakini Basma alishikilia. "Huko nnakokwenda naweza nisirudi, Shangazi," alinambia. "Sitaki kufa na mama kaninunia. Akinipa radhi ntakwenda. Asiponipa, siendi." Alikuwa kafunga kitambaa kichwani na mkono wake mwembamba kama wa mtoto. Niliona uchungu, nikamkasirikia Bahiya kabla hata sijamwona.

Tulikutana kwa Bahiya baada ya Alasiri, sisi wanne, mimi, yeye, Basma na Khelef aliyerudi naye, cherehani imesukumwa ukutani. Bahiya alianza moja kwa moja.

"Hebu nielezeni. Hisham katoka tumboni mwangu, Basma katoka tumboni mwangu, hawafanani. Huyu mume, mtoto wa Nada huyu, ndiye afanane naye? Hawakulala tumbo moja. Hawakunyonya ziwa moja. Wanafanana kwa lipi?"

"Daktari ataeleza mwenyewe," Khelef akasema. "Kaniambia atapiga simu leo."

"Apige simu kutoka Maskati? Nani analipa?"

Na mimi, nisiseme uongo, mdudu wake yule wa shaka aliniingia kidogo. Kweli, nani analipa? Daktari mkubwa ana wagonjwa tele, ana haja gani na ngazi za Mkunazini? Nikamtazama Khelef kama vile sikumzaa.

Simu ikalia. Khelef akabonyeza kidude cha sauti ili tusikie sote.

"Shikamoo, Bi Bahiya. Mimi Daktari Abdulla."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

"Mimi mzaliwa wa Mpendae, mama. Mzee wangu alikuwa akikodisha baiskeli."

"Namjua. Zilikuwa hazina breki."

Daktari akacheka. Bahiya hakucheka.

"Hebu niambie, mwanangu. Basma kanambia mlimtia kwenye mashine ya sumaku, ya kumpiga picha mwilini, mkamvua bangili, mkamvua na hirizi niliyomfunga mimi. Kwa nini mlimvua kinga kwanza?"

"Ile sumaku ina nguvu sana, mama. Pini ya buibui tu inaweza kuchomoka ikaruka ikamtoboa mtu jicho. Tunavua kila kitu, hatuangalii cha nani."

"Dhahabu haivutwi na sumaku."

"Haivutwi, kweli. Lakini inaweza kupata moto mkononi. Bora ivuliwe."

Nikaona hilo limepita. Akarudi kwenye lake: vipi mume afanane kuliko ndugu? Daktari alijitahidi, maskini. Alisema kila chembe ya mwili ina alama zake, nusu mtu anazipata kwa baba na nusu kwa mama. Alisema kwa kuwa sisi mawifi kila mmoja kaolewa na kaka wa mwenzake, Basma na Khelef wamekatwa kwenye majora yale yale mawili. Ndugu wa tumbo moja anaweza kukosa, na binamu wa namna hii anaweza kupata.

"Jora nalijua mimi kuliko wewe," Bahiya akasema. "Haya. Na nyinyi mnapata nini?"

Hapo ningekuwa mimi daktari ningesema hatupati kitu, basi. Lakini yule kijana alikuwa mkweli, na ukweli wake ukatuponza.

"Tutamwomba Basma chupa moja ndogo ya damu, akitaka mwenyewe, kwa ajili ya utafiti. Ndani ya chembe mna maagizo, mama, mengine yamewashwa na mengine yamezimwa, kama taa za nyumba. Ugonjwa huu ni kama taa iliyogoma kuzimika. Tunatafuta nani anaiwasha. Akikataa pia tutamtibu vile vile."

"Ahaa!" Bahiya akapiga kofi pajani. "Hapo sasa ndipo!"

Akakata simu yeye mwenyewe.

"Mumiani," alisema. "Zamani walikuwa wakikamata watu njiani usiku, siku hizi wanakupa na tikiti ya ndege. Wanataka damu ya Basma, wanataka mifupa ya Khelef, ndiyo maana wakazua kwamba wanafanana. Wangesema kafanana na Hisham ningeamini. Wamesema kafanana na mtu asiye wa tumbo wala ziwa moja naye. Uongo huo hauna miguu. Mwanangu haendi."

"Mama," Basma akasema.

"Huendi. Ugonjwa si umerudi nyuma? Tutakusomea, utapona hapa hapa."

Basma akainamisha kichwa. Hakubisha, na nilijua hatabisha. Angekaa pale kwa mama yake, angesomewa, angekufa kabla ya mfungo. Khelef alikuwa kashika ukingo wa kiti, kajizuia, maana kila neno lake kwa shangazi yake lilikuwa neno la mtoto wa nyumba ya Zahran.

Mimi nikawaza mbio mbio. Mwanamke huyu kasema mwenyewe anachotaka kuamini. Tumbo moja au ziwa moja. Tumbo siliwezi. Lakini mwaka ule Zahran alipokosa kurudi, Basma bado mchanga, Bahiya alilazwa kwa homa ya matumbo, na Basma akakaa nyumbani kwangu mpaka mama yake alipotoka, na Khelef siku zile bado ananyonya. Kila mtu analijua hilo. Neno moja tu langu, basi daktari angekuwa mkweli machoni mwa Bahiya, na Basma angepanda ndege.

Na neno hilo hilo lingevunja ndoa ya mwanangu pale pale. Walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani, na wakiwa wameshaoana wanaachanishwa. Khelef alimpenda yule mtoto toka anavaa kaptula. Nilimtazama. Nikamwambia moyoni, nisamehe, baba, bora awe dadako yuko hai.

"Bahiya," nikasema. "Wamenyonya ziwa moja hawa."

"Nini?"

"Ulipokuwa hospitali. Alikuwa akilia usiku, na mimi nina maziwa. Nilimnyonyesha. Si mara moja. Nikaona haya kukwambia, na walipotaka kuoana nikaona haya zaidi. Kwa hivyo daktari hakusema uongo."

Khelef alisimama. "Mama, unasema nini?" Basma alinitazama na macho yake yakajaa maji. Bahiya hakutikisika. Alinikazia jicho lile la dukani.

"Unajua unalolisema, Nada? Kama ni kweli, hawa wanaachana leo."

"Najua."

"Mwanao anatoka humu bila ya mke."

"Najua, nshakwambia najua! Atoke. Lakini Basma aende Maskati akatiwe uboho wa kaka yake. Lete msahafu niape."

"Usiape," akasema Bahiya, upesi sana. "Kaa chini. Usije ukaungua bure."

Nikakaa.

"Unadhani nilikupa mwanangu hivi hivi?" akasema. "Wewe, dada yake Zahran? Yule yaya Mwatum wa Makunduchi niliyemtuma kwako pamoja na mtoto, unadhani alikuja kufua nepi? Alikuja kukuchunga. Alikuwa akilala mlangoni pako. Kila asubuhi alinijia hospitali kunipa habari, leo kanywa maziwa ya kopo, leo kanywa ya mbuzi. Ziwani hukumtia hata siku moja. Mwatum alinambia unamshika kama yai."

Loo! Hasira zilinipanda mpaka masikioni. Miaka yote ile! Nilifungua kinywa nimtukane, nikaona anatetemeka kidevu. Sikupata kumwona Bahiya akitetemeka kidevu, hata siku ilipokuja habari ya Zahran.

"Nimedanganywa sana mimi," alisema. "Kila aliyenidanganya alikuwa anataka apate kitu. Zahran alitaka kwenda zake. Wewe ulikuwa unataka upate nini, Nada?"

"Nilitaka Basma aishi. Nini tena?"

"Kwa kumvunjia mwanao nyumba."

"Ndiyo, Bahiya. Kwa kumvunjia mwanangu nyumba."

"Uongo wa kupoteza sijapata kuuona," akasema. Halafu akamgeukia Khelef aliyekuwa bado kasimama katikati ya chumba.

"Khelef. Mchukue mkeo," alisema. "Muende. Radhi yangu anayo."

Basma alimkumbatia mama yake miguu. Mimi nilikwenda jikoni nikalia na upawa mkononi, na hata sasa nikikumbuka bado nina hasira na yule Mwatum.

Wiki ile ile wakaruka. Huko Maskati Khelef alichomwa sindano za mfupa wa nyonga, akakaa kwa ubavu siku kadhaa, na uboho wake ukatiwa mshipani mwa Basma kama mtu anavyotiwa damu. Kisha ukawa ni wakati wa kungoja. Nilihamia Mkunazini kwa Bahiya, maana alikuwa halali, anashona tu, anashona na kufumua. Hatukulizungumza lile. Tulizungumza bei ya samaki.

Simu ilipolia ilikuwa mchana, tunachambua mchele. Bahiya akapokea. Nikasikia sauti ya daktari kwa mbali, Bahiya akasema, "Rejea," akarejea, akasema, "Rejea tena." Halafu akaiondosha sikioni ile simu, akaninyooshea mimi. Mkono wake ulikuwa na unga wa mchele.

"Sikiliza wewe, wifi," alisema. "Mimi simwelewi huyu. Ukiniambia wewe, ntaamini."

Nikasikiliza. Nikamwambia uboho umeshika, na damu mpya inazaliwa, na Basma kaomba uji. Bahiya akakaa sakafuni kando ya ungo, akaamini.